Basenji: Chama cha Mbwa Kilichobeba Jina Letu

Nyuma ya mlango wa jirani yetu wa Panda, hapa Likasi, palikuwa na msumari, na kwenye msumari huo ilining'inia kengele ya mti. Mwenye nyumba tulimwita Papa, kama tunavyowaita wazee wote wa mtaa. Alizaliwa upande wa Uele, kaskazini kabisa mwa Kongo, akaja Katanga angali kijana kutafuta kazi, akazeekea huku. Kengele yenyewe haikuzidi ukubwa wa embe dogo. Ilichongwa ikabonyea pande mbili, tumbo lake likakombwa hadi kubaki ganda, na ndani mlikuwa na vijiti viwili vilivyofungwa kwa uzi. Midomo yake ilikuwa imelika kwa kugongwagongwa. Tundu la kamba lilikuwa jeusi, linang'aa kwa mafuta ya shingo.

Nilikuwa mtoto, nikadhani ni ya mbuzi. Nikaitikisa, haikulia. Papa akaichukua, akaingiza kidole, akachomoa majani makavu yaliyokuwa yamevibana vile vijiti, kisha akaitikisa mara moja tu. Ilitoa sauti kavu, ya mti juu ya mti. "Ni ya mbwa," akasema. "Mwanangu, mbwa ya kwetu haina kazi ya kulia. Kengele njo inalia pa fasi yake." Akayarudisha majani, akaitundika.

Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba mbwa wa Papa ana chama. Ana chama Uingereza tangu mwaka 1939, na kingine Marekani tangu mwaka 1942. Ana kitabu cha nasaba ambamo vizazi vyake vimeandikwa mmoja mmoja, ana vigezo vya urefu na uzito, ana waamuzi wanaompima masikio na mkia. Na jina aliloandikishwa kwalo ni neno ambalo kila mtu wa Likasi analijua, na hakuna anayetaka kuitwa kwalo: basenji.

Vyama hivi vimepita miaka themanini, na kila vikiadhimisha umri wao husimulia mabibi wa Kiingereza, meli na maonyesho. Ni habari njema na nitaisimulia. Ila mimi naisimulia kutoka mahali ambapo jina lile lina maana.

Pwani, mshenzi alikuwa mtu wa bara machoni pa muungwana wa mjini: asiyevaa kanzu, asiyeswali, asiyejua ustaarabu wa watu wa pwani. Neno hili lilipanda na misafara ya pembe za ndovu mpaka Manyema, na mpaka Bunkeya kwa Msiri, kaskazini mwa Likasi ya leo, ambako watu wa pwani walifuata pembe na shaba hadi Msiri alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Midomo ya Kongo ililivua ule "wa" na kulivika "ba", kama tunavyosema batu na batoto. Likawa bashenzi, likawa basenji, likaingia na katika Kilingala. Wakati wa Wabelgiji likapata kazi mpya. Upande mmoja aliwekwa mtu aliyeitwa "évolué", aliyesoma, aliyeweza kupewa kadi ya uraia mwema iliyoanza kutolewa mwaka 1948. Upande wa pili aliwekwa basenji, yaani mwanakijiji, mtu ambaye nuru haijamfikia. Mji wetu uliitwa Jadotville siku hizo, kwa jina la mhandisi Jean Jadot, na katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini, neno hilo liliweza kuleta ngumi.

Kwa hiyo mbwa wa basenji ni mbwa wa washenzi. Hakuna fumbo hapo. Vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya wanunuzi wa mbwa huyu vinasema jina lake ni "kitu kidogo kitokacho msituni". Maneno hayo yanapendeza kusomewa watoto, lakini si kweli, na kwa kuwa yanarudiwa na watu wanaompenda mbwa huyu kwa dhati, naona wanastahili kuambiwa. Jina halimtaji mbwa hata kidogo. Linawataja waliokuwa naye. Huko Kenya, walowezi walichukua neno lile lile, "shenzi", wakamwita hivyo mbwa yeyote asiye na nasaba, mbwa koko wa kando ya njia. Neno moja, basi, lilitosha kumshusha mbwa wa Nairobi akawa si kitu, na kumpandisha mbwa wa Kongo akawa wa thamani mjini London.

Machapisho ya wafugaji hupenda kuanzia Misri, kwenye michoro ya makaburi yenye mbwa wa masikio wima na mkia uliojikunja. Mimi naona inatosha kuanzia Uele, mahali panapojulikana. Mwaka 1870 Mjerumani Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea, alipita katika nchi ya Wazande, wenyeji wa upande huo, na kuwaeleza mbwa wao: wadogo, manyoya mafupi, mkia umesokotwa, shingoni kengele ya mti ili wasipotee kwenye majani marefu. Ukisoma maelezo yake unauona msumari wa Papa.

Uwindaji wenyewe uko hivi. Nyavu hutandwa kwa nusu duara, watu hujibanza nyuma yake kimya. Upande wa pili mbwa huachiwa. Mbwa anayebweka hafai hapo, maana mnyama hujua mapema adui yuko wapi na akachagua njia yake mwenyewe. Basenji hafanyi kelele. Anaingia vichakani, anarukaruka juu ya majani ili aone mbele, anamsukuma ndezi au paa kuelekea wavuni, na mwindaji hufuata mlio wa kengele kujua mbwa wake amefika wapi. Njiani, kabla ya kufika mahali pa kutanda nyavu, kengele hutiwa majani. Hawa ni mbwa waliochaguliwa na kazi. Asiye na pua, asiye na masikio, mzembe, mkali kwa watoto wa nyumbani, hakupata nafasi ya kuacha uzao. Hakuna aliyeandika lolote, lakini uchaguzi ulifanyika, kizazi juu ya kizazi, na macho yaliyochagua yalikuwa makali kuliko ya mwamuzi yeyote wa ukumbini.

Ulaya ilimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1895. Wawili walionyeshwa London kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, wakapewa jina la mbwa wa Kongo, na muda si mrefu wakafa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alirudi Uingereza kutoka Sudan na mbwa sita. Wote sita walikufa kwa chanjo ya distempa waliyopigwa wakiwa karantini. Mwingereza mwingine, Olivia Burn, aliwapata wake katika Kongo ya Wabelgiji. Jaribio lake la kwanza, mwaka 1929, nalo liliishia kwenye vifo. Distempa ni ugonjwa wa virusi unaoshika mapafu, tumbo na hatimaye ubongo, na siku hizo kinga yake ilikuwa bado ikitafutwa. Kila ninapofika kwenye miaka hii nawaza juu ya wale sita. Walitoka salama kwenye nchi yenye chui na nyoka, wakavuka bahari, wakauawa na sindano iliyokusudiwa kuwaokoa.

Burn hakukata tamaa. Katikati ya miaka ya 1930 alileta wengine, na hawa waliishi. Mwaka 1937 aliwapeleka Crufts Bongo na Bokoto, na umati ukawasonga kumwona mbwa asiyebweka. Kusema kweli, basenji si bubu. Koo lake limeumbwa tofauti, na anapofurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayejaribu kuimba kabla hajakumbuka maneno. Hujilamba kama paka. Jike hupata joto mara moja kwa mwaka, si mara mbili kama mbwa wengi. Anapokaza masikio, paji la uso hukunjamana, na uso mzima huonekana kama wa mzee anayesikiliza kesi. Watu wa London walikuwa hawajaona kitu kama hicho.

Miaka miwili baadaye, 1939, chama cha Uingereza kikaundwa. Miongoni mwa waliokibeba alikuwa Veronica Tudor-Williams, mwanamke ambaye jina lake halitenganishiki na mbwa huyu. Mbwa wake wote aliwaandikisha kwa jina la ukoo "of the Congo", yaani wa Kongo. Kazi ya kwanza ya chama kama hiki ni kukubaliana mbwa ni yupi: kuandika vigezo. Ukiviona leo katika orodha ya shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, basenji ni namba 43. Dume sentimita 43 begani na kilo 11. Jike sentimita 40 na kilo tisa na nusu. Kazi ya pili ni kitabu cha nasaba, na hapo ndipo penye habari yote. Lakini kabla wino haujakauka vita ikaanza, Septemba mwaka ule ule, na chakula cha mbwa kikawa shida katika nchi ambayo chakula cha watu kilipimwa kwa kadi. Tudor-Williams aliwashikilia mbwa wake katika miaka ile yote, na bila ushupavu wake pengine chama kingebaki na karatasi tupu.

Marekani mambo yalianza vibaya vile vile. Bibi Byron Rogers wa New York alileta jozi moja mwaka 1937, pamoja na watoto wao. Distempa ikawamaliza wote isipokuwa dume mmoja, Bois. Halafu ikaja Aprili 1941. Meli ya mizigo iliyobeba kahawa kutoka Afrika Magharibi ilikuwa imetoka Freetown wiki tatu nyuma, ikielekea Boston, mabaharia walipomkuta mbwa jike katika ngama, katikati ya magunia, amekonda kupita kiasi. Hakuwa na mwenyewe wala karatasi. Alipofika nchi kavu alichukuliwa na Alexander Phemister wa Kingston, jimbo la Massachusetts, naye akampa jina la Congo. Phemister akampata na Bois. Jike aliyejificha melini na dume aliyenusurika ugonjwa wakazaa, na watoto wao wakawa basenji wa kwanza kuzaliwa Marekani na kukua hadi utu uzima.

Msomaji wa Likasi ataniruhusu kusimama kidogo hapa. Katika majira hayo hayo, mwishoni mwa mwaka 1940 na kuendelea, meli nyingine zilikuwa zikipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani kutoka Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na mji wetu. Mapipa yale yaliwekwa ghalani Staten Island, na dunia nzima ilikuja kujua yalitumikaje mwaka 1945. Sidai kuna uhusiano kati ya meli hizo na ile ya Boston. Ila nikifikiria Kongo ilivyovuka Atlantiki miaka ile, nakumbuka mawe, na nakumbuka pia mbwa jike mwenye njaa akihema kati ya magunia ya kahawa, na nawashukuru mabaharia waliomkuta.

Chama cha Marekani, Basenji Club of America, kiliundwa mwaka 1942 na kuvipokea vigezo vya Waingereza kama vilivyo. Mwaka 1943 American Kennel Club, msajili mkuu wa mbwa wa nchi ile, akamkubali basenji kitabuni. Mbwa wengine waliletwa kutoka Toronto, kwa daktari Richmond aliyekuwa akiwafuga huko, na kutoka Uingereza. Baada ya hapo chama kikakua kama vyama vinavyokua: mikutano, vikombe, matawi ya majimbo. Mwaka 1954 James Street alitoa riwaya yake ya Good-bye, My Lady, kuhusu mvulana aliyeokota basenji kwenye kinamasi cha Mississippi, na filamu ikafuata mwaka 1956 ikiigizwa na mbwa wa Tudor-Williams. Watu wengi wakatamani kuwa naye. Nadhani wengi walijuta pia, kwa sababu basenji huruka uzio, hutafuna kiatu na haitikii akiitwa mara ya kwanza. Tunaomjua hatushangai. Huyu alizoea kufikiri mwenyewe akiwa mbali na bwana wake, na aliyemzoesha hivyo ni mwindaji.

Sasa nirudi kwenye kitabu. Sisi watu wa Likasi tunajua nguvu ya daftari. Katika kambi za kampuni kila mfanyakazi alikuwa na namba yake, na chini ya namba hiyo aliandikwa mke na watoto. Aliyeandikwa alipata posho, shule na hospitali, na asiyeandikwa alikuwa mpita njia. Kitabu cha nasaba hufanya kazi namna hiyo hiyo. Mbwa ambaye baba na mama wamo kitabuni ni basenji. Mbwa aliyezaliwa Uele, wa mama aliyewinda na bibi aliyewinda, akiwa na kengele shingoni, kwa kitabu ni mbwa tu. Kitabu kikishafungwa, damu inayoweza kuongezeka ni ile iliyomo. Na iliyomo ilikuwa ya mbwa wachache mno: wale ambao distempa haikuwapata na ambao meli haikuwazamisha. Vizazi vinapita, shangazi anakutana na mpwa, binamu na binamu, na kila ubaya uliokuwa umejificha kwa mmoja unapata mwenzake.

Tudor-Williams aliliona hilo mapema. Mwaka 1959 alisafiri hadi kusini mwa Sudan, kwa Wazande, kutafuta damu mpya, akarudi na jike mwekundu na mweupe aliyemwita Fula. Alimwandikisha kama Fula wa Kongo ingawa alitoka Sudan, lakini mpaka ule ulichorwa na wengine katikati ya watu wa lugha moja, na mbwa hakuujua. Ukifuatilia nasaba ya basenji wa leo nyuma ya kutosha, mara nyingi unamkuta Fula.

Hata hivyo hakutosha. Katika miaka ya 1960 na 1970 ulionekana upungufu wa damu wa kurithi, unaotokana na kukosekana kwa kimeng'enya kimoja katika chembe nyekundu. Mbwa aliyerithi jeni mbaya kutoka kwa wazazi wote wawili hufa kijana. Kipimo kilipopatikana, chenye kuonyesha na wale wanaobeba jeni moja tu bila kuugua, wafugaji wakafanya walichoona ni haki: wakawaondoa wabebaji wote kwenye uzazi. Ugonjwa ukapungua sana. Lakini kila mbwa aliyeondolewa aliondoka na vyote alivyokuwa navyo, vizuri na vibaya, na damu ikawa nyembamba zaidi. Kisha mwaka 1976 ukaripotiwa ugonjwa wa Fanconi. Huu hushika figo: sukari, chumvi na protini ambazo figo zingerudisha mwilini hupotea na mkojo, mbwa anakunywa maji bila kukoma, anakonda, na asipotibiwa anakufa. Ubaya wake ni wakati wake. Huonekana mara nyingi kati ya miaka minne na saba, mbwa akiwa ameshazaa, na watoto wake wameshasambaa.

Naomba msomaji aitazame hali hiyo kwa macho ya wanachama. Hawa ni watu waliokesha na mbwa wakiwapima mkojo kwa vijiti vya sukari vya wagonjwa wa kisukari, mwezi baada ya mwezi, wakiomba rangi isibadilike. Wangeweza kufunga midomo na kuendelea kuuza. Vyama vingi vya mbwa duniani vimechagua kulinda jina la usafi wa damu kuliko kuulinda mwili wa mbwa. Chama cha Marekani kilichagua kurudi Kongo, na kwangu mimi ndiyo sura bora ya historia yake.

Mwaka 1987 wanachama wa Marekani, Jon Curby na Michael Work, walifika kaskazini mwa Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo. Mwaka 1988 ikafuata safari ya pili, na humo walikuwamo Damara Bolte na Stan Carter. Walizunguka vijiji vya Wazande wakitazama mbwa, wakaulizia, wakabeba. Baadhi ya mbwa wale walikuwa na milia myeusi juu ya wekundu, rangi ambayo vigezo vya Marekani havikuitaja. Jambo zito likawa mbele ya chama: ama kuwakataa mbwa waliotoka kwenye chimbuko lenyewe kwa sababu hawafanani na karatasi, ama kuibadilisha karatasi. Waliibadilisha. Mwaka 1990, kwa ombi la chama, kitabu kikafunguliwa kwa mbwa 14 wapya, na milia ikaingia katika rangi halali za basenji.

Majina ya wapya hao nimeyasoma zaidi ya mara moja: Diagba, Gangura na wenzao. Hawa walitanguliziwa jina moja la ukoo, Avongara.

Maarifa nayo yakafuata. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri wakiongozwa na Gary Johnson walitoa kipimo cha kwanza cha vinasaba cha Fanconi, na mwaka 2011 kikaja cha moja kwa moja, chenye kuitambua jeni yenyewe. Vyote viwili vilitokana na sampuli ambazo wafugaji walizituma kwa miaka, pamoja na za mbwa waliokwisha kuzikwa. Safari hii chama kilikuwa kimejifunza: mbebaji hakutupwa tena, aliozeshwa na mbwa safi, na watoto wakapimwa. Mwaka 2021 wanasayansi wakachapisha jenomu nzima ya basenji, wakimchagua kwa sababu tawi lake katika mti wa ukoo wa mbwa limejitenga mapema na matawi ya mbwa wa Ulaya. Yule aliyeitwa wa washenzi amekuwa kipimo ambacho wengine wanalinganishwa nacho.

Kitabu kilifunguliwa tena kuanzia tarehe 1 Januari 2009 hadi tarehe 31 Desemba 2013. Mwaka 2010 msafara wa Wamarekani ulikwenda Basankusu, katika jimbo la Équateur, mbali na Uele, ukachukua mbwa vijijini. Mlango huu mpya ulikuwa na taratibu zake: ielezwe mbwa alikotoka, akaguliwe akishakomaa, apimwe, kisha wanachama wapige kura juu yake. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza nionavyo, mahali alipozaliwa mbwa pakawa sehemu ya thamani yake, na kijiji kikawa ushahidi badala ya aibu.

Lipo jambo moja bado linanikera, na nalisema nikiwaheshimu waliofanya kazi hii. Katika vigezo vya FCI, shirikisho lililozaliwa mwaka 1911 Ubelgiji ikiwa mmoja wa waasisi wake, basenji ameandikiwa mistari miwili. Asili: Afrika ya Kati. Ulezi: Uingereza. Ulezi sina ugomvi nao; waliomlea wamemlea kweli, na nimeeleza kwa gharama gani. Lakini neno "asili" limeandikwa kana kwamba ni udongo au hali ya hewa, kana kwamba mbwa huyu aliota kama uyoga baada ya mvua. Bois ana jina, Fula ana jina, Burn na Phemister wana majina. Mtu aliyemkabidhi Fula kamba mkononi mwa mgeni mwaka 1959 alikuwa mfugaji, mwenye kumjua mama yake Fula na bibi yake, mwenye kujua ni kwa nini jike huyu na si dada yake. Huyo alikuwa mwanachama wa chama kabla hakijapata katiba. Chama kikiandika tena historia yake, kimpe ukurasa wa kwanza, na kieleze jina la mbwa kwa maana yake halisi: hawa ni mbwa wa watu walioitwa washenzi, nao ndio waliowaumba.

Papa hakuwahi kuyajua haya. Alifariki kabla sijasoma lolote. Binti yake anakaa Kikula, hapa hapa Likasi, na siku moja nilimpelekea majina niliyoyanakili kwenye karatasi. Alikuwa akichambua sombe uani. Nikamsomea Diagba, nikamsomea Gangura, akasikiliza tu. Nilipotaja jina la ukoo waliloandikishiwa, mikono ikasimama.

"Avongara?" akasema. Huo ndio ukoo wa watawala wa Wazande. "Eh, hao njo bakubwa ba kwetu. Sasa basenji ni nani?"

Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kengele. Niliitikisa, haikulia. Nikachungulia ndani: majani yalikuwa mabichi.